Kamba Moja kwa Dawati

Siku mliyoniaga mlinipa blanketi, keki, na hotuba tatu ambazo zote zilimsifu mtu mwingine, mwema kuliko mimi. Kisha Faith, anayerithi begi langu, akaniomba niandike machache yatakayowafaa ninyi mnaobaki. Nimeandika. Vyeo sitavitaja, kwa sababu havikumsaidia msichana yeyote. Nitawaambia kuhusu begi, kuhusu shule, na kuhusu kosa moja ambalo hotuba zenu hazikuligusa kwa kuwa hamkulijua.

Nilianza kazi katika kliniki ndogo ya Kibera, upande wa Olympic, nikiwa afisa wa afya ya jamii. Watu wa mtaa waliniita Daktari tangu wiki ya kwanza. Nilikataa mara mbili, halafu nikazoea, maana jina zuri halichoshi masikio. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka shule za sekondari kuwafundisha wanafunzi kuhusu miili yao, magonjwa ya zinaa na namna mimba inavyopatikana na kuzuiwa. Siku ya kwanza nilivaa tai. Nilisimama mbele ya kidato cha pili, nikahutubia kwa dakika arobaini nikilitazama dirisha, jasho likinitoka hadi kwenye soksi. Mwishoni nikauliza kama kuna swali. Msichana mmoja akainua mkono.

"Daktari, unaweza maliza tuende lunch?"

Hilo ndilo lililokuwa swali la kwanza kuulizwa katika kazi yangu yote.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Mama Truphena, mhudumu wa afya wa kujitolea, Mragoli kama mimi. Asubuhi aliuza mboga Soko la Toi na mchana alinisindikiza shuleni. Siku ile ya tai alikuwa ameketi nyuma ya darasa. Tulipotoka alinitazama kwa huruma.

"Unaongea ni kama unasoma notisi ya chifu," akasema. "Ukiingia, kaa chini kwanza. Mtoto haezi ambia mtu amesimama kitu."

Tangu siku hiyo nilikaa, kwenye benchi lao, magoti yakigonga dawati. Alinifundisha na mengine. Begi lisiwe na nembo ya kliniki, kwa sababu mwanafunzi akionekana analisogelea atachekwa muhula mzima. Pedi zifungwe kwenye gazeti kama nyama. Na ukikutana na msichana njiani, usimsalimie mpaka akusalimie yeye, maana majirani watataka kujua daktari wa mambo yale anamjulia wapi. Mpaka leo nikipita Toi natembea macho kwenye mitumba, na watu wanadhani nina maringo.

Begi lenyewe mnalijua. Ndani kulikuwa na chati ya picha, pakiti za pedi, na kile kifaa cha mbao cha kuonyeshea jinsi ya kuvaa kondomu, ambacho nilikitia ndani ya soksi ili kisinivunjie heshima barabarani. Siku moja askari wa lango la shule aliishika ile soksi, akaipapasa kwa muda, akanirudishia haraka. Hakunipekua tena.

Baada ya miaka kadhaa nilipelekwa Kawangware. Kulikuwa na shule moja penye stendi ya matatu ya Kawangware 46, madarasa ya mabati, watoto wa vibarua na mafundi kutoka Magharibi na kutoka kando ya Ziwa. Mwalimu mkuu alikuwa mzee wa kanisa. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka kuwalinda watoto kama mimi, ila yeye kwa kuwaficha mambo. Siku ya kwanza aliichukua chati yangu akaifunua ukurasa kwa ukurasa, akafika katikati, penye kondomu, vidonge na sindano. Akafungua droo, akatoa gundi, akazibandika kurasa zile pamoja mbele yangu. Alizikandamiza kwa kiganja mpaka zikashika.

"Daktari, chati yako ni nzuri. Lakini hapo kati imezidi," akasema. "Wazazi wa hapa ni watu wa kanisa. Nikisikia umetaja hizo vitu, hutaingia hiyo geti tena."

Nilikubali. Kidogo si haba, nilijiambia. Wenzangu, msemo huo uogopeni. Kuna kidogo ambacho ni afadhali kisingekuwepo kabisa.

Kitu ambacho mwalimu mkuu hakukikataa ni shanga. Ninyi wadogo huenda hamkuziona. Ni kamba ya shanga thelathini na mbili yenye pete ndogo ya raba. Siku damu ya mwezi inapoanza, mwanamke anaiweka pete kwenye ushanga mwekundu, halafu kila asubuhi anaisogeza mbele ushanga mmoja. Pete ikifika kwenye shanga nyeupe, hizo ni siku anazoweza kushika mimba. Ikiwa kwenye shanga za kahawia, uwezekano ni mdogo. Hakuna dawa, hakuna kumeza, hakuna kuchomwa.

"Hii ni hesabu tu," mwalimu mkuu akasema, akiishika kamba juu kwenye mwanga. "Hesabu haina dhambi."

Sasa nisikilizeni vizuri. Shanga zile zilitengenezwa kwa ajili ya mwanamke mzima ambaye mwezi wake haurukiruki, na mume aliyekubali kuvumilia siku nyeupe. Miezi ya msichana wa shule inaruka atakavyo Mungu. Tena shanga hazizuii ugonjwa wowote. Maelezo hayo yote yalichapishwa kwenye chati, kwenye moja ya kurasa zile zilizobandikwa. Lakini sitajificha nyuma ya gundi. Niliyajua kwa moyo kama ninavyojua jina la mama yangu. Niliamua kufundisha mzunguko wa mwezi tu na kuacha mengine, nikitumaini kwamba mwenye akili atajaza mapengo mwenyewe.

Kidato cha tatu kilikuwa na wasichana arobaini na watano. Kamba nilizopewa zilikuwa kumi na tano. Kila dawati lilikaliwa na wasichana watatu, na vitabu vyao vyote, cha Biolojia, cha Jiografia, hata Biblia, vilikuwa kimoja kwa watatu. Kulikuwa na utaratibu wa kitabu cha dawati ambao kila mtu aliujua: wa katikati ndiye anayekishika, na likizo ikifika, kinabaki na yule asiyesafiri. Kwa hiyo niligawa kamba moja kwa dawati. Hesabu ilikubali bila salio, nikajiona mtu hodari.

Mama Truphena alikuwa amesimama mlangoni.

"Na hao wengine wawili?" akauliza.

"Watashirikiana, kama vitabu."

Akanitazama. "Haya, Daktari."

Yeye aliniita Daktari pale tu nilipokosea. Nililijua hilo na bado nilifunga begi.

Kwenye dawati la dirishani katikati alikaa Beryl, kiranja, msichana wa watu wa Ziwa, mwenye sauti ya kutoa amri na madaftari yasiyo na kunjo. Kulia kwake alikaa Nafula, mtoto wa mama aliyekuwa akifua nguo za watu kule Lavington. Nafula alikuwa akicheka huku ameziba mdomo kwa kiganja, hata pasipochekesha, mpaka nikawa namtafuta kwa macho kila nikiingia. Wa tatu alihamia Kakamega mwisho wa muhula na hayumo katika kisa hiki. Siku ile ya shanga, wengine walipotoka, Nafula alibaki akijifanya anatafuta kalamu.

"Daktari, hii kahawia," akasema, akiigusa kamba iliyokuwa shingoni mwa Beryl. "Ni ya ukweli?"

Mwalimu mkuu alikuwa amefika mlangoni, funguo mkononi.

"Ni ya kweli," nikasema, "ukihesabu vizuri."

Nimetoa majibu elfu na elfu katika kazi hii, mengi nimeyasahau. Hilo silisahau. Ilikuwa nafasi ya kuketi tena chini na kumuuliza anataka kujua kwa nini. Sikuketi. Nilikuwa tayari nimebeba begi.

Muhula ukiendelea nilipita pale mara mbili. Nilimuuliza Beryl kama kamba inatumika.

"Kila asubuhi tunasogeza," akasema kwa fahari. "Alafu naambia wenzangu leo ni rangi gani."

Nilifurahi. Niliandika kwenye ripoti kwamba wanafunzi wameelewa. Mtu mwenye masikio angesikia alichoambiwa: kwamba wasichana watatu walikuwa wakifuata mwezi wa mmoja. Pete ilisogezwa kwa damu ya Beryl. Siku za Nafula hazikuwa kwenye kamba ile hata kidogo. Kwao lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Kitabu cha dawati kinasomwa na wote, na jibu la swali la tano ni lile lile kwa wote. Mimi ndiye niliyewafundisha kwamba kamba ile ni kitabu.

Likizo ya Agosti Beryl alienda ocha, kijijini kwao, na kwa utaratibu uleule wa dawati, akamwachia kamba Nafula aliyebaki mjini. Shule zilipofunguliwa Nafula alisema kamba imepotea. Beryl alimgombeza kama kiranja anavyogombeza. Kisha Nafula akaanza kukosa shule, leo yupo, kesho hayupo. Mwezi wa Novemba Mama Truphena alikuja kliniki kabla sijafungua mlango.

"Yule msichana wa kucheka," akasema. "Ameenda."

"Ameenda wapi?"

"Daktari," akasema taratibu. "Ameenda."

Alikuwa na mimba. Ya nani, hakumwambia mtu, na mpaka leo sijui. Alikuwa ameuziwa kitu cha kunywa ili aitoe, na mtu ambaye hakuwa na haki ya kuuza hata peremende. Mama yake alimkuta asubuhi, akambeba na majirani hadi barabarani, na walipofika hospitali hakukuwa tena na la kufanya.

Kabla ya safari ya kwenda kuzika Bungoma, tulikutana mochari kuutazama mwili: walimu, darasa zima la wasichana, watu wa kanisa wakiimba. Mama yake alisimama kichwani pa jeneza, mikono yake imechubuka kwa sabuni. Aliponiona akanivuta karibu.

"Daktari, umemuona? Nimemvalisha shanga yake," akasema. "Nilipata kwa godoro, chini, amefunga na leso. Nikajua ni kitu alikuwa anapenda."

Kamba ilikuwa imezungushwa mara mbili kwenye mkono wa kushoto. Nilitazama pete ya raba. Ilikuwa kwenye ushanga wa kahawia, wa nne baada ya nyeupe.

Nadhani hakuwa ameificha kamba ile kwa wizi. Nadhani alikuwa akihesabu upya peke yake, akirudi nyuma ushanga kwa ushanga, akitafuta alipokosea. Asingepaona. Hakuwa amekosea. Alihesabu vizuri, kama nilivyomwambia.

"Amependeza, mama," nikasema.

Nilipogeuka, Beryl alikuwa nyuma yangu na alikuwa ameona. Alinifuata mpaka nje, kwenye basi, sare imelowa machozi kifuani.

"Daktari, hizo siku zilikuwa zangu," akasema. "Si zake. Mimi ndio nilikuwa namwambia leo ni kahawia. Nilimwachia ikiwa kwa siku zangu."

Ni wakati huo, pale kando ya basi, nilipoelewa yote. Nililiona lile darasa, kamba kumi na tano, madawati kumi na tano. Mwalimu mkuu alikuwa hatua tatu kutoka kwetu. Nikafikiria atakavyosema, nikafikiria shule nyingine zote zitakazonifungia lango, nikafikiria jina langu, tena nalo nalitaja mwisho ingawa huenda lilikuwa la kwanza. Mbele yangu alikuwa mtoto wa miaka kumi na saba aliyesubiri mtu mzima mmoja amwambie kosa ni la nani.

"Usijisumbue na hayo sasa," nikamwambia. "Panda basi."

Akapanda.

Nyumbani nililoweka chati kwenye maji moto kutenganisha zile kurasa. Ziliachana, lakini picha zilichanika, nusu huku nusu kule, na chati ikawa haifai kitu. Nikaomba nyingine. Muhula uliofuata nilifundisha kila kitu, kondomu, sindano, vidonge, mahali pa kwenda na nani wa kumwona, na mwalimu mkuu akatimiza ahadi yake: sikuingia lango lile tena mpaka alipostaafu yeye. Sikugawa tena shanga kwa mwanafunzi. Jumamosi tulifundishia kwenye ukumbi wa kukodi nyuma ya Toi. Walikuja wachache, na wale niliowataka zaidi hawakuja. Mama Truphena hakunilaumu hata siku moja. Aliniita Daktari kila siku mpaka aliporudi kwao Vihiga, na huko akafa.

Mnakumbuka kisa nilichokuwa nikiwasimulia kwenye mafunzo, cha wasichana watatu waliotumia kamba moja? Mlikuwa mnacheka kidogo mwanzoni, kisha mnanyamaza. Nilikuwa nasema ni kisa cha shule fulani, mwalimu fulani. Sasa mmemjua mwalimu.

Mwezi wangu wa mwisho kazini barua za idhini zilirudi kutoka shule ileile ya Kawangware 46. Siku hizi mzazi hutia sahihi kabla mtoto hajafundishwa. Katika Gredi ya Tisa nzima, mzazi mmoja alikuwa amekataa. Jina nililitambua kabla sijamaliza kulisoma. Ningeweza kuiacha barua ile kwenye faili aje kuishughulikia Faith. Nilikaa nayo siku mbili, kisha nikaenda Toi, anakouza viatu vya watoto vya mitumba.

Beryl amenenepa kidogo na sauti ni ileile ya kiranja. Alinipa kigoda kama mteja.

"Najua umekuja juu ya barua," akasema. "Mtoto wangu hatafunzwa hesabu na mtu."

"Hatufundishi tena shanga, Beryl. Tunafundisha yote."

"Yote." Akachukua kiatu, akakipangusa, akakirudisha. "Daktari, unajua mamake Nafula hunipigia simu kila mwaka? Siku ile ile. Ananiombea. Anasema Mungu anibariki juu nilikuwa rafiki ya mtoto wake. Na mimi nasema amen. Mimi mwenye nilimuua, nasema amen."

Nilikuwa nimeketi chini, kama nilivyofundishwa.

"Hukumuua wewe," nikasema. "Mimi ndiye niliyewapa kamba moja watu watatu. Sikuwaambia kwamba kila mtu ana siku zake. Nafula aliniuliza kama kahawia ni ya kweli, nikamwambia ndiyo. Kosa ni langu, Beryl. Lilikuwa langu tangu mwanzo."

Hakulia. Mteja mmoja akauliza bei ya raba nyekundu na hakujibiwa, akaenda zake.

"Ulijua lini?" akauliza.

Ningeweza kusema nilikuja kujua baadaye. Uongo huo ulikuwa mdomoni.

"Siku ileile. Pale kwa basi."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Na ukaniambia nipande basi."

Miaka yote ile nilidhani nimemficha mwalimu mkuu jambo. Kumbe nilikuwa nimembebesha mtoto jeneza, akalea nalo mtoto wake.

Aliendelea kupanga viatu, viwili viwili, visigino nyuma. Kisha akanyoosha mkono bila kunitazama.

"Leta hiyo barua."

Akaiweka juu ya goti, akatia sahihi kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka kidogo.

"Atafunzwa," akasema. "Lakini si wewe. Afunzwe na huyo mwingine anakuja. Na huyo mwingine uambie hii story yote, na jina yako ikiwa ndani."

Nilipoinuka alinipa pia nambari ya simu ya mama yake Nafula, kwenye kipande cha boksi la viatu. "Wewe ndio utamwambia," akasema. "Mimi nimechoka na amen." Kipande hicho kipo mezani hapa ninapoandika. Sijapiga. Mara mbili nimebonyeza nambari zote isipokuwa ya mwisho. Nitapiga nikimaliza kuandika haya, maana sitakuwa na kisingizio kingine.

Faith, barua imo kwenye begi, mfuko wa mbele. Mtoto anaitwa Nafula, ingawa mama yake ni wa watu wa Ziwa na jina hilo si la kwao. Ukifika darasani, kaa chini kwanza.